Siku sita Mwanga, Kigoma: tathmini ya darasa la kupanga utafiti wa tasnifu ya jiolojia

Darasa ninaloliandikia tathmini hii halina kibao barabarani. Hufanyika sebuleni mwa nyumba moja ya kawaida huko Mwanga, Kigoma mjini, na waendeshaji wake ni wazee wawili wastaafu, mmoja aliyechora ramani za miamba kwa muda wote wa utumishi wake na mwingine aliyekuwa mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi, ambao kila mwaka ifikapo Juni huwapokea wanafunzi wapya wa shahada ya uzamili wasiozidi wanane na kukaa nao siku sita wakiwasaidia kupanga utafiti wa tasnifu zao. Ada ni shilingi 240,000. Chakula cha mchana kimo, malazi hayamo. Nililipa kwa fedha yangu, hakuna aliyenituma kuandika, na majina ya wazee hao siyatoi kwa sababu wenyewe walikataa, wakisema wamechoshwa na simu za watu wanaotafuta wa kuwaandikia tasnifu.

Waliposema hivyo niliinamisha kichwa, maana miezi minne kabla ya hapo nilikuwa nimefanya jambo hilo hilo. Msimamizi wangu alikuwa ameniagiza nilete andiko la utafiti baada ya mwezi mmoja bila kunieleza andiko huanzia wapi, nami nikaenda kwenye steshenari moja ambako kijana mwenye kompyuta mbili aliniahidi andiko kamili la kurasa 25 kwa shilingi 150,000. Nililipata kwa wakati, limefungwa vizuri kwa jalada la plastiki, na ukurasa wa 11 ulieleza kwa ufasaha mkubwa jinsi mto Pangani unavyomwaga mashapo yake katika Ziwa Tanganyika. Msimamizi alilisoma mbele yangu mpaka hapo, akalifunga, akanirudishia bila kusema neno. Kwa hiyo ninapoipima huduma ya Kigoma ninaipima kama mnunuzi aliyekwisha kutapeliwa, na msomaji aichukue hukumu yangu akijua hivyo.

Siku ya kwanza kila mshiriki alisimama akasoma mada yake, na mada zote zikabandikwa ukutani. Yangu ilikuwa “Athari za Mabadiliko ya Tabianchi kwa Mwambao wa Ziwa Tanganyika”. Mzee wa miamba, ambaye sote tulimwita Mwalimu, alinyamaza kidogo kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mwanangu, ziwa hili lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na nchi nne zinaligawana. Una boti?” Nikamjibu kuwa sina. “Una miezi mingapi ya kukaa uwandani?” Miwili. “Sasa hii mada umemwandikia nani?” Wenzangu walicheka, lakini kicheko hakikudumu, kwa kuwa kila mmoja alijua kwamba zamu yake inakuja.

Ninavyoona mimi, asilimia kubwa ya thamani ya darasa hili imo katika saa zilizofuata baada ya swali hilo. Tulipokuwa shahada ya kwanza tulifundishwa madini, miamba, visukuku, kusoma ramani na kuandika ripoti, lakini sikumbuki siku hata moja tuliyofundishwa kwamba mada si swali. Mada hutaja mahali na jambo, na mtu anaweza kuizungukia miaka mitatu asifike popote; swali hudai jibu, na jibu hudai kipimo, na kipimo hudai kifaa, siku na fedha. Wazee hawa hawakuishia kulisema hilo kwa maneno, walitutia katika zoezi ambalo nilitamani kulikimbia.

Zoezi lenyewe ni jepesi kulieleza. Unapewa karatasi moja, juu yake unaandika swali lako kwa sentensi moja, kisha unapiga mstari katikati. Upande wa kushoto unaandika matokeo unayoyatarajia pamoja na sentensi utakayoiweka kwenye hitimisho la tasnifu ukiyapata, na upande wa kulia unaandika matokeo ya kinyume pamoja na sentensi yake. Ikiwa sentensi hizo mbili zinasema jambo lile lile, swali linafutwa na unaanza upya, kwa sababu utafiti ambao hauwezi kukukatalia hauna cha kukufundisha. Mimi nilifutiwa mara nne. Kwenye jaribio langu la tatu, upande wa kushoto niliandika kwamba mwambao umebadilika kwa hiyo wananchi wanahitaji elimu, na upande wa kulia nikaandika kwamba mwambao haujabadilika sana ila wananchi wanahitaji elimu. Mzee wa maji alisoma pande zote mbili kwa sauti, taratibu, kama anayesoma tangazo la msiba.

Karatasi ya pili ni ya mchoro. Kabla ya kuwa na namba hata moja unatakiwa uchore grafu ambayo itakuwa ndiyo moyo wa tasnifu yako, uandike kwenye mhimili wa chini unapima nini na kwa kizio gani, ufanye vivyo hivyo kwenye mhimili wa wima, halafu uweke nukta za kubuni kwa penseli. Watu wengi walikwama hapo kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa ni rahisi mno kuandika “nitachunguza uhusiano kati ya mashapo na mvua” na ni vigumu mno kusema mashapo hayo yatapimwa kwa gramu kwa lita au kwa unene wa tabaka, na mvua hiyo ni ya kituo kipi.

Naomba nieleze kwa kirefu kilichotokea kwa swali langu, kwa sababu ndipo nilipoiona thamani ya fedha yangu. Kila mkazi wa Kigoma anajua kwamba kuanzia mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda, yakaingia bandarini na kwenye mialo, na watu wakahama nyumba. Mimi nilitaka kutumia picha za satelaiti kuonesha ni ardhi kiasi gani imemezwa. Mwalimu aliniuliza ukubwa wa kipande kimoja cha picha za Landsat nilizotaka kutumia. Mita 30. Akachora ubaoni pwani mbili, moja ya mawe yenye mteremko mkali, ambako ukienda mita 5 kutoka ukingo wa maji unakuwa umepanda mita 1, na nyingine ya tope na mpunga kwenye delta ya mto Luiche kusini ya Ujiji, ambako kwa kadirio lake unahitaji kutembea mita 100 ili upande mita 1. “Tuseme ziwa limepanda mita 1. Pale kwenye mawe maji yamesogea mita ngapi?” Tano. “Picha yako inaiona mita 5?” Haiioni. “Na kule kwenye mpunga?” Mita 100, zaidi ya vipande vitatu vya picha. Kwa mchoro huo mmoja, ambao haukuchukua hata dakika kumi, sehemu kubwa ya mwambao wangu ilifutika, nikabaki na delta moja ninayoweza kuifikia kwa bodaboda.

Hapo nilidhani tumemaliza. Mzee wa maji akauliza nitalinganisha picha za mwezi gani na mwezi gani. Nilikuwa nimechagua yoyote isiyo na mawingu. Akanikumbusha kwamba ziwa hupanda na kushuka kila mwaka kufuata mvua, likiwa juu mwishoni mwa masika na chini kabla ya mvua za mwisho wa mwaka, kwa hiyo mtu anayeweka picha ya Mei mkabala na picha ya Oktoba atapata mabadiliko hata katika mwaka ambao hakuna kilichobadilika. Akaongeza jambo lingine ambalo sikuwahi kulifikiria: kwamba katika karne ya 19 ziwa lilipanda sana kwa sababu mdomo wa mto Lukuga, ambao ndio pekee unaoyatoa maji kuelekea Kongo, ulikuwa umezibwa kwa mashapo na mimea, na ulipozibuka katika miaka ya 1870 ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Maji mengi zaidi ya ziwa hili hupotea kwa mvuke kuliko kwa mto huo. Mtu anayeanza hesabu yake mwaka 2019 na kusema kuwa kila kilichofuata ni tabianchi anakuwa ameisoma barua kuanzia ukurasa wa mwisho.

Swali lililosalia mwishoni mwa siku ya tatu ni hili: je, eneo lililofunikwa na maji katika delta ya Luiche kati ya kiangazi cha 2019 na kiangazi cha 2021 ni lile lile ambalo mteremko wa ardhi peke yake ungelitabiri, au mashapo yanayoletwa na mto yamekisogeza ukingo mahali pengine? Swali hilo lina pande mbili zinazotofautiana. Kama eneo linalingana na mteremko, basi ziwa ndilo lililofanya kazi. Kama halilingani, mto una mkono wake, na lazima nieleze ni wapi. Picha za Sentinel-2, zinazopatikana bure tangu mwaka 2015 na zenye vipande vya mita 10, zinatosha kwa upande mmoja wa hesabu. Upande wa pili nilitaka kuutoa kwenye data ya mwinuko wa ardhi iliyopimwa kutoka angani mwaka 2000, mpaka Mwalimu aliponiuliza makosa ya data hiyo ni mita ngapi wima. Ni mita kadhaa, wakati mimi ninatafuta mteremko wa mita 1. Nikaambiwa nikaazime leveli ya wapima ardhi pamoja na fito yake, nipime mistari sita kutoka ukingoni kwenda mashambani, na niandike kwenye bajeti posho ya kijana wa kushika fito.

Si kila mshiriki alipata bahati hiyo. Dada mmoja kutoka Tabora alikuja na mada ya visima virefu, na yeye nitamweleza kwa sababu somo alilopewa ni bora kuliko langu, ingawa muda aliopewa ulikuwa mdogo kuliko wangu. Tabora imekaa juu ya miamba ya kale ya matale, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ambamo maji hayakai ndani ya jiwe lenyewe bali katika tabaka la juu lililooza na katika nyufa zilizo chini yake. Dada huyo alitaka kuonesha kwamba visima vilivyochimbwa juu ya nyufa ndefu zinazoonekana kwenye picha za satelaiti hutoa maji mengi kuliko visima vingine, na alikuwa tayari ameahidiwa orodha ya visima vya wilaya tatu pamoja na kiasi cha maji cha kila kimoja.

Mzee wa maji aliipitia orodha ya mfano aliyokuja nayo, akageuza karatasi nyuma, akaigeuza tena mbele. “Dada yangu, humu kisima kikavu kiko wapi?” Hakikuwemo hata kimoja. Orodha ilikuwa ya visima vinavyofanya kazi, kama zilivyo orodha nyingi, kwa sababu hakuna anayefunga pampu kwenye shimo lisilo na maji na hakuna anayelipigia shimo hilo namba ya usajili. Alieleza kwamba ukilinganisha visima vilivyofaulu peke yake, huwezi kujua kama nyufa zinasaidia. Huenda mashimo kumi yalichimbwa juu ya ufa mmoja na tisa yakakauka, na wewe ukaliona hilo moja linalobubujika ukashangilia. Alimshauri awatafute mafundi wenyewe waliochimba, kwa kuwa fundi hulipwa kwa mita na huandika kila shimo, liwe na maji au lisiwe nayo. Dada aliandika maneno hayo, akayapigia mstari mara mbili.

Siku ya nne tulikwenda Bangwe, kwenye mawe ya mchanga yaliyokazana yanayoonekana kando ya ziwa, na hapo tulifanya jambo lililoonekana la kitoto. Watu wanne tulipewa dira za kijiolojia za aina moja na kuambiwa tupime mwinamo na mwelekeo wa tabaka moja, kila mtu kwa wakati wake, bila kuoneshana. Mwinamo ulitoka nyuzi 9, 12, 12 na 17. Mwelekeo ulitofautiana zaidi, na mmoja wetu alikuwa amepishana na wengine kwa nyuzi 30 hivi. Mwalimu hakumkaripia, alimwomba tu aiweke nyundo yake mbali, simu yake ampe mwingine aitie mfukoni, kisha apime tena, na sindano ikarudi karibu na ya wenzake. Sumaku ya kifuniko cha simu na chuma cha nyundo vilikuwa vimemchorea jiolojia mpya. Baada ya hapo tulitakiwa kuandika kwenye maandiko yetu, katika sehemu ya mbinu, tofauti ya kipimo chetu wenyewe tunaporudia, na mtu ambaye hajawahi kurudia kipimo aliambiwa aache nafasi wazi mpaka atakaporudia.

Jioni ya siku hiyo lilitokea tukio ambalo lingeweza kugharimu mwaka mzima wa mtu. Mwenzetu mmoja anataka kuchunguza chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza, na alikuwa amekwishachukua pointi za GPS huko na nyingine hapa Kigoma mjini. Alipozifungua kwenye programu ya ramani, Kigoma ilikaa mahali pake lakini Uvinza ikaangukia katikati ya Kongo, mamia ya kilomita magharibi ya ziwa. Sababu yake ni mstari wa nyuzi 30 mashariki, unaopita kati ya miji hiyo miwili na ndio mpaka wa kanda ya 35 na kanda ya 36 katika mfumo wa vipimo vya mita unaotumika kwenye GPS. Kifaa chake kilibadili kanda kimya kimya alipouvuka, naye alinakili namba bila kunakili kanda. Tulipokwisha kumcheka, Mwalimu alitandaza ramani ya zamani ya mandhari, akatuonesha pembeni mwake maneno “Arc 1960”, yaani jina la msingi wa zamani wa vipimo usiolingana na ule wa GPS, na kutueleza kwamba mtu anayechukua pointi za GPS za siku hizi na kuzibandika juu ya ramani hiyo bila kuzigeuza atakosea kwa takriban mita 300 katika mwelekeo wa kaskazini-kusini. Nimesoma jiolojia miaka minne na neno hilo nililiona mara nyingi. Sikuwahi kuuliza linafanya kazi gani.

Sasa nieleze mapungufu, ambayo hayawezi kuitwa madogo. La kwanza ni boti. Tangazo linaahidi siku moja ziwani ya kujifunza kupima kina na kuchukua mashapo, na kwa wengi wetu hiyo ndiyo iliyotuvuta, kwani ziwa hili lenye kina cha mita 1,470 ni la pili kwa kina duniani, na kwa kuwa chini ya mita 200 hivi maji yake hayana oksijeni, tope la huko halifukuliwi na viumbe na tabaka zake hubaki kama zilivyotuama. Siku ya tano upepo wa kusini ulivuma tangu alfajiri, nahodha akakataa kuondoka, na siku hiyo ikageuka kuwa ya mazungumzo. Nahodha simlaumu hata kidogo. Ninachohoji ni kwamba wazee wawili waliokaa Kigoma maisha yao yote wanajua vizuri kuwa Juni ni mwezi wa upepo, na bado hawakuwa na mpango mbadala wala hawakupunguza ada. Walimu wanaotufundisha kuandika kwenye andiko “nikishindwa hivi nitafanya vile” walipaswa kuwa wa kwanza kulitii hilo.

La pili ni takwimu. Zilipewa mchana mmoja tu, baada ya ugali wa muhogo na migebuka, wakati ambao hakuna binadamu anayefuatilia hesabu. Liko jambo moja nililolibeba, kwamba sampuli 30 zilizotoka kwenye shimo moja zinaeleza shimo moja, wala hazigeuki kuwa ushahidi wa bonde zima. Mengine yalipita mbio, na mtu ambaye kazi yake ina namba nyingi atahitaji msaada mahali pengine.

La tatu ni mwelekeo wa darasa lenyewe. Wazee hawa wanalipenda ziwa, na mapenzi hayo yanaonekana: mwenye mada ya ziwa hupata nusu siku, mwenye mada ya nchi kavu hupata robo saa. Mwanafunzi aliyekuja na mada ya zebaki kwenye machimbo madogo ya dhahabu ya Nzega alishauriwa mara mbili abadilishe eneo, na sikuona sababu ya kisayansi ya ushauri huo. Mwingine alishawishiwa achukue nguzo ya mashapo, yaani kipande kirefu cha tope kilichochomolewa chini ya ziwa, na kuipimia umri kwa risasi-210, isotopu (aina) ya elementi ya risasi ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 22 hivi na kwa hiyo inafaa kwa mashapo ya karne moja na nusu iliyopita. Wazo ni zuri, nami nilimwonea wivu, lakini alipouliza gharama ya maabara alitajiwa bei ambayo baadaye alikuta imekwishapitwa na wakati, na hakuna aliyemweleza mapema kwamba sampuli za miamba na mashapo hazivushwi mpaka bila kibali. Mafunzo ya namna hii si mageni mjini Kigoma. Kuanzia mwaka 1998 mradi ulioitwa Nyanza, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Arizona cha Marekani, ulikuwa ukiwaleta hapa wanafunzi kufanya utafiti mfupi wa ziwa kwa wiki kadhaa. Lakini ule ulikuwa na wafadhili na maabara nyuma yake. Mwanafunzi anayejilipia, akiiga mipango ya namna hiyo bila kuwa na mfuko wake, atakwama.

Nitaongeza na dogo la intaneti. Tuliambiwa tupakue picha za satelaiti pale pale darasani, watu saba kwenye modemu moja, na bando langu binafsi likaisha kabla ya picha ya kwanza kukamilika. Anayekwenda mwakani apakue kila kitu kabla ya kupanda treni.

Kwa upande mwingine, sehemu ya vibali na ratiba ilifanywa vizuri kuliko nilivyotarajia. Tulioneshwa safari ya barua, kutoka chuoni hadi kwa katibu tawala wa mkoa, kisha wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata na wa kijiji, na tukatakiwa kuitengea wiki tatu kamili kwenye ratiba badala ya kuandika “Juni: kukusanya data” kana kwamba barua hujitembeza yenyewe. Mzee wa maji alisisitiza pia kwamba mtafiti afike kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla ya kupiga jiwe nyundo hata mara moja, kwa sababu mgeni anayegonga mawe na kuyatia mfukoni hudhaniwa kuwa anatafuta dhahabu, na baada ya hapo hakuna atakayemwonesha chochote. Hilo halimo katika kitabu chochote cha mbinu za utafiti nilichopewa chuoni.

Ahadi ya mwisho ya darasa ni kwamba ukishaandika rasimu, watakusomea na kukurudishia ndani ya siku 14. Yangu ilichukua siku 41, na nilipiga simu mara tano. Iliporudi, hata hivyo, kila ukurasa ulikuwa na alama za kalamu nyekundu, na kwenye sentensi niliyokuwa nikijivunia kuliko zote, ile inayosema kwamba utafiti huu “utaziba pengo kubwa la maarifa”, palikuwa na maneno matatu tu pembeni: “Pengo lipi? Onesha.” Msimamizi wangu ameipitisha rasimu hiyo baada ya marekebisho madogo ya bajeti.

Kwa hiyo ninaipa huduma hii nyota nne kati ya tano kwa mwanafunzi wa jiolojia, wa maji au wa jiografia ya maumbile ambaye ana mada lakini hana swali, na ambaye yuko tayari kufutiwa kazi yake mbele ya watu. Kwa mwenye mada ya madini au ya miamba iliyo mbali na ziwa ningetoa tatu, na ningemshauri azungumze nao kwa simu kwanza awaulize wazi watampa saa ngapi. Kwa anayetafuta wa kumwandikia, sina nyota ya kutoa. Njia ya kwenda steshenari anaijua.

Yule dada wa Tabora alinipigia juma lililopita. Amempata fundi mmoja mzee aliyechimba visima tangu ujana wake, na fundi amemtolea daftari lenye kurasa nzima za mashimo yaliyokauka, yakiwa na kina cha kila moja na aina ya jiwe lililokutwa, ambayo hayamo kwenye orodha yoyote ya ofisi. Sasa grafu yake inabidi ichorwe upya, naye alitaka kujua kama wazee watakubali kumsomea andiko kwa mara ya pili bila kumtoza. Nimemwambia apige asubuhi sana, kabla Mwalimu hajashuka mwaloni.